Mbachao na msala upitao: serikali zilipolipa watu kuvunja magari

Mwezi Januari mwaka 2009 serikali ya Ujerumani ilitangaza jambo ambalo mafundi wetu wa Gerezani wangelisikia siku ile wangedhani ni utani. Mwananchi mwenye gari la miaka 9 au zaidi, ambalo amelimiliki kwa muda usiopungua mwaka mmoja, angepata euro 2,500 akikubali livunjwe liwe chuma chakavu, kisha anunue jipya. Haikuwa lazima gari liwe bovu. Lingeweza kuwaka kwa kugusa ufunguo mara moja na kumfikisha mwenyewe Berlin na kumrudisha. Kosa lake lilikuwa umri tu.

Kisa hiki ni cha watu wa mbali, lakini kinatugusa. Magari tunayoendesha Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mengi yalikuwa ya mtu mwingine kabla hayajawa yetu. Siku Mjapani au Mwingereza anapoamua kuachana na gari lake, ndiyo siku safari ya gari langu na lako inapoanza. Na kwetu, kila inapokaribia bajeti ya Juni, hoja ya magari kuukuu hurudi mezani: yapandishiwe ushuru, yazuiwe bandarini, yaondolewe barabarani. Kwa hiyo ni vyema tujue wenzetu waliojaribu kuyaondoa kwa fedha walipata nini, na ni nani hasa aliyelipa.

Mbegu ya habari hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908, na alipoacha kuliunda mwaka 1927 yalikuwa yametoka magari milioni 15. Lilikuwa gari gumu, la mashine nyepesi kuelewa, na mkulima mwenye spana na bisibisi aliweza kulifufua mwenyewe. Sifa hiyo nzuri ndiyo iliyokuja kuwakosesha usingizi wauzaji. Mtu mwenye gari linalotembea atanunua la pili kwa sababu gani?

Wapinzani wa Ford katika kampuni ya General Motors, chini ya Alfred Sloan, walipata jibu. Badilisha sura ya gari kila mwaka. Muuzie mtu kwa mkopo. Lipokee gari lake la zamani liwe sehemu ya malipo. Biashara ikanoga, lakini yadi za wauzaji zikajaa magari yaliyopokelewa, na kila moja lililouzwa kwa bei ya chini lilichukua mteja ambaye pengine angenunua jipya. Ilipofika mwaka 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, kiwanda cha Ford cha River Rouge karibu na Detroit kilikuwa na mstari wa kazi wa kubomoa magari makuukuu na kurudisha chuma chake tanuruni. Kiwanda kilekile kilichounda, kikawa kinavunja.

Tangu siku hizo wenye viwanda walijua jambo moja ambalo matangazo yao hayasemi: mshindani mkubwa wa gari jipya ni gari la zamani ambalo bado linatembea.

Sasa turukie Ufaransa, miaka zaidi ya 60 baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko la magari la Ulaya lilidorora. Mwezi Februari 1994 serikali ya Waziri Mkuu Edouard Balladur ilianza kutoa faranga 5,000 kwa kila aliyekubali gari lake la miaka zaidi ya 10 livunjwe akanunua jipya. Muda wake ulipokwisha katikati ya mwaka 1995, serikali ya Alain Juppé nayo ikaleta mpango wake mnamo Oktoba mwaka huohuo, ikashusha umri hadi miaka 8 na kupandisha malipo hadi faranga 7,000 kwa magari makubwa zaidi. Wafaransa kwa utani wao wakaipa mipango hiyo majina ya mawaziri wakuu wale, kama vile ni aina mbili za magari: balladurette na juppette.

Magari yalinunuliwa kweli. Mwaka 1996 Ufaransa iliandikisha magari mapya zaidi ya milioni 2.1. Lakini mpango ulifungwa Septemba mwaka huo, na mwaka 1997 idadi ikaanguka hadi kama milioni 1.7. Watu walikuwa wamekwisha kununua. Aliyepanga kubadilisha gari mwaka 1997 au 1998 alikimbilia 1996 ili asikose zawadi. Serikali ilikuwa imekopa wateja wa kesho kuja kujaza soko la leo, na kesho ilipofika, duka lilikuwa tupu.

Ujerumani iliyajua hayo yote. Hata hivyo, mwisho wa mwaka 2008 mabenki ya dunia yalikuwa yakianguka, na viwanda vya magari, vinavyolisha mamilioni ya Wajerumani, vilikuwa vinapunguza siku za kazi. Serikali ya Angela Merkel ilitenga euro bilioni 1.5, zinazotosha magari 600,000. Foleni ikawa ndefu mno hata fungu likaongezwa hadi euro bilioni 5, yaani magari milioni 2. Fedha ziliisha mapema Septemba 2009.

Kwa jina rasmi malipo hayo yaliitwa Umweltprämie, yaani tuzo ya mazingira. Wananchi hawakulitumia sana jina hilo. Wao waliyaita Abwrackprämie, tuzo ya kuvunja, na mwisho wa mwaka ule chama cha lugha ya Kijerumani kikalichagua hilo la wananchi kuwa neno la mwaka. Mimi naona katika majina hayo mawili kuna hukumu nzima. Serikali ilisema inasafisha hewa. Watu waliona kinachofanyika ni kuvunja.

Takwimu zikafuata njia ileile ya Ufaransa. Mwaka 2008 Wajerumani waliandikisha magari mapya milioni 3.09. Mwaka 2009 yakawa milioni 3.8. Mwaka 2010 yakashuka hadi milioni 2.9, chini ya pale yalipoanzia. Na walioneemeka si viwanda vya Ujerumani peke yake. Mtu anayeacha gari la miaka 12 mara nyingi si mtu wa kwenda kununua Mercedes. Alitafuta gari dogo la bei nafuu, na Dacia, magari yanayoundwa Romania chini ya Renault ya Ufaransa, mengine yakiuzwa chini ya euro 8,000, yakauzwa kuliko ilivyowahi kutokea nchini humo.

Waingereza nao wakaingia mwezi Mei 2009: pauni 2,000 kwa gari lililozidi miaka 10, nusu ikitoka serikalini na nusu kwa mwenye kiwanda. Lakini waliovuma zaidi ni Wamarekani.

Rais Barack Obama alitia saini sheria yao mwezi Juni 2009, mwezi uleule General Motors ilipokwenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Watu waliubatiza mpango huo kwa jina ambalo kwa Kiswahili cha mtaani tungesema "fedha kwa mikweche". Malipo yalikuwa dola 3,500 au 4,500, kutegemea mafuta yatakayookolewa. Dola bilioni 1 za kwanza zilimalizika kwa siku chache, Bunge likaongeza bilioni 2, na ilipofika tarehe 24 Agosti dirisha likafungwa. Magari kama 677,000 yalikuwa yameondolewa.

Namna yalivyoondolewa ndiyo inayoniuma. Ili gari lisirudi barabarani, sheria ilitaka injini iuawe. Fundi alimwaga oili, akatia mchanganyiko wa maji na sodiamu siliketi, dawa ambayo ikipata moto hugeuka kitu kama kioo, kisha akawasha injini na kuiacha iungurume. Baada ya dakika chache injini ilikwama, isifufuke tena. Zilikuwa injini nzima, nyingi zikiwa na miaka ya kazi mbele yake. Mwenye kujua thamani ya injini nzima mikononi mwa fundi wa Ilala hawezi kusoma habari hiyo bila kukunja uso.

Tuwe waadilifu. Mpango wa Marekani ulikuwa na faida iliyopimika. Magari yaliyovunjwa, kwa wastani, yalikuwa yakienda kama kilomita 6.7 kwa lita moja; yaliyonunuliwa yalikwenda kama kilomita 10.6. Hiyo si tofauti ndogo. Lakini wataalamu wawili wa uchumi, Atif Mian na Amir Sufi, walichunguza mauzo na kuona kwamba yale yaliyoletwa na mpango wenyewe, ambayo yasingeuzwa bila ya zawadi, yalikuwa kama 370,000 tu kwa miezi ya Julai na Agosti. Wengine wangenunua hata bila kulipwa. Na ilipofika Machi 2010, karibu ongezeko hilo lote lilikuwa limefutwa na upungufu wa miezi iliyofuata.

Hayo ni mahesabu ya serikali. Tuje kwenye mahesabu ya mwenye gari, maana yeye ndiye aliyesimama mbele ya msala mpya unaopita huku mbachao wake ukiwa mkononi.

Jambo la kwanza ni kujua zawadi ni kiasi gani. Mchukue Mjerumani ambaye gari lake lingeuzwa sokoni kwa euro 1,500. Serikali inampa 2,500. Jirani zake watasema amepata 2,500. Sivyo. Amepata 1,000, kwa sababu zile 1,500 zilikuwa zake tangu awali, zimekaa kwenye umbo la gari. Mwenye gari la euro 3,000 angelipeleka kuvunjwa angepata hasara. Na aliyenunua jipya la euro 8,000 bado alitakiwa kutafuta 5,500 mfukoni au benki. Asiye na akiba wala sifa ya kukopeshwa hakupata senti, ingawa huenda gari lake ndilo lililokuwa kuukuu kuliko yote mtaani.

La pili ni kilomita. Gari jipya halianzi na daftari safi. Chuma chake kimeyeyushwa, aluminiamu na vioo vyake vimepikwa kwa moto mkali, na moshi wa kazi hiyo umeshakwenda hewani kabla mnunuzi hajakabidhiwa ufunguo. Gari la zamani deni hilo lililipa zamani. Kwa hiyo swali ni kama mafuta litakayookoa jipya yatafidia gharama ya kuundwa kwake, na hilo linategemea linatembea kiasi gani.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Gari langu ni la Kijapani, umri wake umezidi miaka 20, na kwa mwaka natembea kama kilomita 8,000: kazini, sokoni, msibani, na safari moja ya nyumbani kwetu. Tuseme linakula lita 10 kwa kila kilomita 100, na la kisasa zaidi lingekula 7. Kwa mwaka ningeokoa lita 240. Lita ikiwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 720,000. Sasa weka upande wa pili mkopo wa shilingi milioni 30 kwa riba ya asilimia 15: mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia shilingi milioni 4.5. Hata nikimlipa fundi bushi, rejeta na breki zote kwa mwaka mmoja, sijafika huko. Ndiyo maana bado ninalo.

Lakini mchukue dereva wa teksi mwenye gari kama langu, anayetembea kilomita 50,000 kwa mwaka. Yeye kwa tofauti ileile anaokoa lita 1,500, yaani shilingi milioni 4.5. Hesabu yake ni nyingine kabisa. Moshi anaouondoa ni mwingi zaidi, na abiria anaowabeba wanahitaji breki za kuaminika. Gari ni lilelile na umri ni uleule, ila kwake kubadilisha kuna maana na kwangu hakuna. Mipango ya Ufaransa na Ujerumani ilitazama umri. Mita ya kilomita haikuulizwa.

Jambo la tatu ni wale ambao hawakuitwa mezani. Gari la miaka 10 linapovunjwa, kuna mtu aliyekuwa analisubiri: kijana aliyepata kazi ya kwanza, mama anayehitaji usafiri wa biashara ndogo, fundi wa mtaani ambaye riziki yake ni magari yaliyotoka kwenye dhamana ya kiwanda. Kwa mtu tajiri gari kuukuu ni takataka. Kwa anayefuata kwenye foleni, ni ngazi ya kwanza. Ukiikata ngazi ya kwanza, ya pili inakuwa juu zaidi.

Na katika foleni hiyo sisi tumo. Wakati Ujerumani ikilipa, yalifichuka magari yaliyohesabiwa kuwa yamevunjwa kumbe yamepakiwa melini. Chama cha wapelelezi wa polisi wa nchi hiyo kilikadiria mwaka 2009 kuwa yapata magari 50,000 yalipelekwa kwa njia za haramu Afrika na Ulaya ya Mashariki. Mwenye gari alikwisha chukua euro zake, na mwenye yadi akaliuza mara ya pili. Walipakodi wa Ujerumani walilipia kuondolewa kwa moshi, na moshi ule ukahamia kwa watu wengine.

Siisemi Ulaya peke yake. Japani, ambako yanatoka mengi ya magari yetu, ina ukaguzi mkali wa gari kila baada ya miaka miwili linapopita umri wa miaka mitatu, na kodi inapanda likivuka miaka 13. Nao mwaka 2009 walitoa yeni 250,000 kwa mwenye kuvunja gari la kawaida la miaka 13 na kununua jipya lenye viwango vya mazingira. Lakini mwaka hadi mwaka sera yao hufanya kazi kimyakimya: kulibakiza gari kunakuwa ghali, na gari linatafuta bandari. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa nje na nchi tajiri, na asilimia 80 yakaenda nchi maskini na za kipato cha kati.

Nchi zetu zimejibu kila moja kivyake. Kenya iliweka mpaka wa miaka 8 kwa gari linaloingia. Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango. Ilichagua kuliongezea ushuru gari lililozidi umri fulani. Hatua hizo zote zinalenga gari lililo bandarini. Lile lililokwisha ingia haliguswi, na kwa kuwa la kulirithi linazidi kuwa ghali, mwenyewe analing'ang'ania zaidi. Mlango ukibanwa, walio ndani wanazeeka humohumo.

Je, basi tulipane tuyavunje? Bara letu limejaribu. Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2006, ilitoa randi 50,000 kwa mwenye basi dogo la abiria kuukuu aliyekubali livunjwe. Misri mwaka 2008 ilipitisha sheria ya kutoyapa leseni upya magari ya abiria yaliyozidi miaka 20, kisha ikaandaa mpango wa kubadilisha teksi za Kairo. Naona wenzetu hawa walichagua vizuri kuliko Ulaya, kwa kuwa walilenga magari yanayoshinda barabarani yakibeba roho za watu. Lakini hata huko tatizo la zamani lilibaki. Bei ya basi dogo jipya Afrika Kusini ilikuwa mara kadhaa ya zile randi 50,000, na kilichobaki kilikuwa deni la mwenye basi, la kulipwa kwa nauli za watu wasio na uwezo.

Kuna na jambo ambalo sisi hatulifanani kabisa na Ujerumani. Wao walipolipa, hata kama sehemu ya fedha ilikwenda Romania, nyingine ilirudi kwenye mishahara ya wafanyakazi wao wenyewe. Sisi tukitoa shilingi za hazina ili mtu avunje gari la Kijapani akanunue jingine la Kijapani, tutakuwa tumewasaidia watu ambao hata hawajatuomba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye gari la nyumbani, linalotembea kidogo na lenye breki na taa zinazofanya kazi, asione haya kulitunza. Anachofanya ni akili, na hewa haimdai kama anavyoambiwa. Serikali, ikipata fedha za kazi hii, iyape kipaumbele magari yanayobeba abiria mchana kutwa, na ianze na malori na mabasi ya dizeli yanayotutia weusi puani pale Ubungo. Imlipe mwenye chombo kiasi cha kumwezesha kununua kingine bila kufilisika. Na badala ya kuuliza gari lilizaliwa mwaka gani, ikaguzi breki zake na ipime moshi wake. Vifaa vya kupimia moshi ni rahisi kuliko magari milioni 2.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbachao haubadilishwi. Walisema tu, kwanza tujue msala ule ni wa nani, na unakwenda wapi.

Mpaka wiki ijayo, saa ileile.